Maua ya Wakelti: lipi lao, lipi la Mrumi?

Kwenye majabali ya Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote nchini Wales, huota yungiyungi dogo jeupe lenye majani membamba kama nyuzi. Kiwelisi kina majina mawili ya ua hilo. La kwanza ni lili'r Wyddfa, yungiyungi la Yr Wyddfa, na hiyo lili ni lilium ya Kilatini iliyopunguzwa mkia. La pili ni brwynddail y mynydd, majani-tete ya mlimani, na humo hakuna neno hata moja la Mrumi.

Aliyelifikisha ua hilo kwa wataalamu ni Edward Lhuyd, mkuu wa makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, na kwa muda mrefu wanabotania waliliita Lloydia kwa heshima yake. Mtu huyohuyo, mwaka 1707, alichapisha kitabu kilicholinganisha lugha za Kikelti: Kiwelisi, Kibretoni cha kaskazini magharibi mwa Ufaransa, Kikorni cha kusini magharibi mwa Uingereza, na Kiayalandi. Alionyesha kwamba penye p katika lugha za kundi la Wales, Kiayalandi mara nyingi huweka c: kichwa ni pen kule, ceann huku. Kwa hiyo mgogoro wa asili ya majina ya maua ya Kikelti umekuwa na botania na isimu ndani yake tangu siku ya kwanza.

Mgogoro wenyewe ni rahisi kuusema. Wako wanaoshikilia kwamba majina haya ni urithi wa kale, yametoka kwa babu mmoja wa lugha za Kikelti na, nyuma zaidi, kwa lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, iliyozaa lugha nyingi kutoka India hadi Ulaya. Wako wanaojibu kwamba hayo ni majivuno ya kitaifa: fungua kamusi, utakuta Kilatini cha watawa, Kifaransa cha Wanormani na Kiingereza cha jirani. Kila upande una ushahidi wa kutosha kuujaza ukurasa. Nadhani tatizo ni kwamba kila mmoja huchuma upande wake wa shamba, halafu hudai ameliona shamba zima.

Tuanze na neno ua lenyewe. Kiayalandi husema bláth, Kiwelisi blodau kwa wingi, Kikorni bleujyow, Kibretoni bleuñv. Mrumi alisema flos. Mtu wa upande wa pili ataruka hapo hapo: si unaona? Lakini sauti zinamkatalia. Kiayalandi kilipoanza kukopa Kilatini, f ya Kilatini iligeuka s: furnus, tanuri, ikawa sorn; frenum, hatamu, ikawa srian. Kiwelisi kiliibakiza kama ff: furnus ikawa ffwrn, fenestra ikawa ffenestr. Kama bláth na blodau zingetokana na flos, tungetegemea s, f au ff mwanzoni. Badala yake tuna b, ileile iliyomo katika Blume ya Mjerumani na bloom ya Mwingereza. Tena á ya Kiayalandi inasimama mkabala na aw ya Kiwelisi, kama ilivyo kwa ndugu wa kiume, bráthair na brawd. Na umbo la zamani la Kiwelisi la maua ni blawd. Flos na bláth ni watoto wa bibi mmoja. Hakuna aliyemkopa mwenzake.

Kwa hiyo Mwelisi ana ua la urithi, lakini ajabu ni kwamba tunda lake ni la mkopo. Ffrwyth ni fructus ya Kilatini, na hilo halina ubishi. Mti mmoja, ua la babu, tunda la Mrumi. Ukitaka mfano wa kumnyamazisha kila anayetafuta lugha safi, huo unatosha.

Hapa kuna mtego mdogo ambao siwezi kuupita. Blawd hiyohiyo katika Kiwelisi ina maana ya unga pia, na unga ndiyo maana iliyoshinda. Kwa Kiayalandi, plúr ni unga, na ni ua vilevile, hasa ua lililo bora. Mtu angeapa kwamba hii ni fikra moja ya Kikelti: unga ni ua la nafaka. Sivyo. Plúr imetoka kwa Wanormani, waliotua Ireland mwaka 1169, na Kifaransa chao ndicho kilichokuwa na neno moja kwa ua na kwa unga laini. Blawd ya Wales ni maneno mawili yaliyogongana njiani: moja la maua, jingine la mzizi wa kusaga, lililokuwa na ml- mwanzoni kabla sauti hazijabadilika. Matokeo yanafanana, njia hazikukutana kamwe.

Mtego huo ndio ulionifundisha kanuni ambayo wengi huiona kinyume: maneno yanayofanana mno ndiyo ya kutiliwa shaka. Mswahili hapaswi kushangaa. Jicho letu ni riitho kwa Mkikuyu na eriiso kwa Mganda, ilhali meza ya Mreno imebaki meza au karibu na meza kila ilikopelekwa. Undugu huacha tofauti zenye utaratibu. Mkopo huacha mfanano.

Pima kwa waridi. Kiayalandi rós, Kiwelisi rhosyn, Kibretoni roz: yote ni rosa, karibu bila jasho. Yungiyungi vivyo hivyo, lile na lili. Haya ni maua ya bustani, ya madhabahu na ya mahubiri, na ni kawaida jina lije pamoja na kitu chake, na kitabu chake. Upande wa pili una haki kamili hapa. Lakini usisahau kwamba rosa yenyewe ni mgeni katika Kilatini. Wataalamu wengi huihusisha na rhodon ya Kigiriki, na hiyo huirudisha kwenye neno la kale la lugha za Kiirani. Kutoka huko huko, kwa kupitia Kiaramu, Waarabu walipata ward, nasi tukapata waridi. Rhosyn ya Cardiff na waridi la Lamu, basi, huenda ni mizigo ya msafara mmoja iliyoshushwa bandari tofauti. Anayeona aibu kwa mkopo wa Kilatini angemuuliza kwanza Mrumi alikokopa yeye.

Sasa toka bustanini, panda malishoni. Kuna kichaka kifupi kinachofunika vilima vya Ireland, Uskoti na Wales kwa maua ya zambarau. Kiayalandi hukiita fraoch, Kiwelisi grug, Kibretoni brug. Kwa sikio, fraoch na grug hata hayasalimiani. Kwa kanuni ni ndugu: w ya kale mwanzoni mwa neno hugeuka f katika Kiayalandi na gw katika Kiwelisi, na hapa gw imeishia g kwa kubanwa na r. Wagauli, Wakelti wa bara, nao walikuwa na neno lao la mzizi huo, na Mfaransa amelirithi katika bruyère. Mkopo umekwenda upande wa pili safari hii. Ndivyo ilivyo pia kwa banadl, kichaka cha maua ya njano ambacho matawi yake yalifungwa kuwa fagio: wengi hufuatilia balai, fagio la Kifaransa, hadi kwenye jina hilo la Kikelti. Wanaosema Wakelti ni wakopaji tu wafagie kwanza nyumba zao kwa neno la Kikelti.

Wagauli wametuachia ushahidi mwingine. Karibu mwaka 400, Marcellus wa Bordeaux aliandika kitabu cha dawa kwa Kilatini, na humo akataja majina ya mimea kama Wagauli walivyoyatamka. Mmea wa vijani vitatu aliuita uisumarus, na wengi huuunganisha na seamair ya Kiayalandi, mama wa seamróg, ile nembo ya Mtakatifu Patrick. Katika orodha nyingine ya kale ya mimea mmetajwa pempedula, mmea wa majani matano. Pempe ni tano, na Mwelisi wa leo bado anauita pumdalen, majani matano vilevile. Jina lililovuka karne zote hizo, huenda zaidi kwa midomo ya waganga na wachungaji kuliko kwa vitabu, si jambo dogo.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani nimepata mpaka mzuri: bustani ya Mrumi, malisho ya Mkelti. Kwa kiasi kikubwa naamini hivyo. Lakini kuna ua moja la njano, linalochipuka kwenye kila uwanja wa majani wa Ulaya, linalouharibu mpaka huo. Kiayalandi huliita caisearbhán, ambamo kuna searbh, chungu. Kibretoni huliita c'hwervizon, ambamo kuna c'hwerv, chungu pia. Searbh na c'hwerv ni ndugu halali kwa kanuni za sauti. Ni majina ya watu walioutafuna mmea. Mwelisi, mwenye chwerw, chungu, katika kamusi yake, huliita dant y llew, jino la simba, ambayo ni tafsiri sisisi ya dens leonis ya matabibu wa Kilatini. Kila neno la jina hilo ni la Kiwelisi cha nyumbani au lililokwisha kuzoeleka. Fikra ndiyo iliyokopwa. Na Waelisi hawajawahi kuishi na simba wa porini.

Hapo ndipo silaha ya sauti inapokatika. Kanuni ya f na b inakamata neno lililokopwa, haikamati picha iliyokopwa. Chukua kiua cheupe chenye kitovu cha njano, kinachofumba jioni na kufumbua asubuhi. Mwelisi hukiita llygad y dydd, jicho la siku. Mwingereza wa kale alikiita dæges ēage, jicho la siku. Nani alimtafsiri mwenzake? Wanaotetea uasilia wa Kiwelisi husema ua lenyewe linafanya kazi ya jicho, yeyote mwenye macho angelibatiza hivyo. Na Wamalei, walio mbali kabisa, huliita jua mata hari, jicho la siku. Hoja ina uzito. Lakini Kiayalandi, jamaa wa damu wa Kiwelisi, hakina jicho hilo. Chenyewe husema nóinín, kiua cha nóin, adhuhuri, nayo nóin, ingawa maana imesogea, ni nona, saa ya tisa ya Kirumi iliyohesabiwa tangu alfajiri, kama sisi tunavyosema saa tisa mpaka leo. Picha ipo kwa majirani wawili walioishi mpaka mmoja, na haipo kwa jamaa wa ng'ambo ya bahari. Mimi naegemea upande wa tafsiri, ingawa nani alianza siwezi kuapa.

Kuna na majina yasiyomtii yeyote. Ua la mapema la majira ya kuchipua, la njano hafifu, ni sabhaircín kwa Kiayalandi na briallu kwa Kiwelisi. Hayahusiani hata kidogo, na hayafanani na Kilatini. Wengine hukimbilia lugha zilizokufa, zilizozungumzwa visiwani kabla Wakelti hawajafika. Inawezekana, ila lugha isiyoacha hata sentensi moja ni shahidi mwepesi mno: itasema lolote utakalo.

Karibu na Wrexham, kaskazini mashariki mwa Wales, kuna kijiji chenye kibao kirefu cha barabarani: Rhosllannerchrugog. Mgeni mwenye kamusi ndogo huona rhos akafurahi, akidhani amefika kijiji cha mawaridi. Hiyo rhos ni nyingine, ya zamani, yenye maana ya nyika, na haina uhusiano na rosa. Llannerch ni uwazi msituni. Na hiyo rugog ya mwishoni, iliyopoteza g yake ya mwanzo kwa desturi ya Kiwelisi, ni grugog: penye grug.