Picha tunayo, uthibitisho wa nini?

Mwaka 1967 huko Stuttgart, Essmann na Träuble walichukua aloi ya risasi na indiamu, wakaipooza hadi karibu na sifuri kabisa, wakaiweka kwenye uga wa sumaku, kisha wakaipulizia chembe ndogo mno za metali inayovutwa na sumaku. Chembe zikatua pale uga ulipotokeza juu, na hadubini ya elektroni ikaonyesha vidoa vilivyojipanga, kila kimoja na majirani sita, kama vyumba vya sega la nyuki. Hivyo ndivyo visulisuli alivyovitabiri Abrikosov mwaka 1957: nyuzi nyembamba za sumaku ndani ya metali inayopitisha umeme bila ukinzani, kila uzi ukizungukwa na mkondo wa umeme. Mwaka 1973 Nielsen na Olesen wakaonyesha kuwa visulisuli vya namna hiyo vimo pia katika nadharia za geji, zile zinazoeleza chembe za msingi na nguvu zake.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba mwaka 1980 mwanahisabati Clifford Taubes alichapisha uthibitisho wa kuwepo kwa visulisuli, ana haki ya kuuliza: kwani vilikuwa havipo?

Wenye swali hilo wana hoja za kweli. Bogomolny alikwisha kuirahisisha milinganyo ya visulisuli mwaka 1976. Mwaka huohuo de Vega na Schaposnik walikokotoa umbo la kisulisuli, na hadi leo namba zake hupatikana kwa kukokotoa tu, kwa sababu hakuna fomula inayojulikana ya kisulisuli kimoja kwenye uwanda bapa. Uthibitisho wa Taubes haukupi hata namba moja ya kupeleka maabara. Tena unahusu thamani moja tu ya kigezo, pale ambapo kuvutana na kusukumana kwa visulisuli kunafutana kabisa. Niobi safi inaikaribia thamani hiyo, lakini kuikaribia siyo kukaa juu yake.

Hayo yote nayakubali. Ninachoona hakijaeleweka ni neno lenyewe, "kuwepo". Taubes hakuwa akiapa kwamba kuna kitu ndani ya metali. Alisema hivi: chagua nukta N, idadi yoyote utakayo, popote kwenye uwanda, hata kama baadhi zimerundikana pamoja, na milinganyo ina jawabu ambalo uga wake (siyo ule wa sumaku, bali ule wa hali ya kupitisha umeme bila ukinzani) unakuwa sifuri kwenye nukta hizo hasa, na jawabu hilo ni moja tu. Mwaka 1979 Weinberg alikuwa amehesabu kwamba majawabu, kama yapo, yana vigezo huru 2N. Yale maneno "kama yapo" ndiyo Taubes aliyoyaondoa. Picha ya Stuttgart ni ya mpangilio mmoja, na kompyuta hujaribu mipangilio mia au elfu. "Popote" na "moja tu" havipatikani kwa kujaribu.

Njia yake inashikika hata bila alama nyingi. Ukichukua logi ya mraba wa ukubwa wa uga huo, tuiite u, milinganyo yote inakunjika kuwa mmoja wa aina ya eliptiki: Laplasi ya u, yaani kipimo cha jinsi u inavyopinda, ni sawa na e^u kutoa 1, ukijumlisha mwiba mkali kwenye kila nukta. Ing'oe miiba kwa fankisheni inayojulikana, na kinachobaki ni kutafuta kitako cha bakuli, kwa maana kipimo cha nishati kinapinda kwenda juu kila upande. Bakuli la namna hiyo haliwezi kuwa na vitako viwili. Kazi ngumu ni kuonyesha kwamba kingo zake zinapanda kweli, maana uwanda hauna mwisho na kitako kinaweza kutorokea mbali.

Sasa badala ya uwanda, weka visulisuli kwenye tufe lenye eneo A. Jumlisha pande zote mbili za mlinganyo juu ya tufe zima. Upande wa Laplasi unatoa sifuri, kwa kuwa tufe halina ukingo. Kila mwiba unatoa 4π. Kinachobaki ni kwamba jumla ya e^u ni A kutoa 4πN. Lakini e^u haiwi hasi kamwe, na ni sifuri kwenye zile nukta tu, basi lazima 4πN iwe ndogo kuliko A. Tuseme A ni 100 kwa vipimo vya mlinganyo wenyewe. Visulisuli 7 vinadai karibu 87.96, vinaenea. Vinane vinadai karibu 100.53. Kwa upungufu wa nusu kipimo tu, cha nane hakina nafasi, hata ukivipanga vipi. Nusu asilimia ni kiasi ambacho programu yenye gridi pana inaweza kukimeza kama kosa la kukadiria, ikachapa "jawabu" la kitu kisichowezekana. Mistari michache ya hesabu inalizuia hilo, na mwaka 1990 Bradlow alithibitisha upande wa pili: eneo likizidi 4πN, hata kwa chembe, jawabu lipo kwa kila mpangilio wa nukta.

Kwenye uwanda, ule umoja wa jawabu una zawadi nyingine. Visulisuli viwili havina majina, kwa hiyo, katikati yake ikiwa kwenye sifuri, mahali pake panaelezwa vizuri na namba moja changamano w, navyo vimekaa kwenye vipeuo vyake viwili vya pili. Vikiendeana polepole, w inapita sifuri bila kupinda. Ilipokuwa 4, vilikuwa kwenye 2 na −2, kulia na kushoto. Kwenye 0 vimekutana. Ikifika −4, vipo kwenye 2i na −2i, juu na chini. Vimegongana uso kwa uso vikatoka kwa pembe ya nyuzi 90! Kompyuta zilionyesha mgongano huo mwishoni mwa miaka ya 1980, na sababu yake ni hii ya vipeuo, ambayo ingeanguka kama w moja ingekuwa na majawabu mawili.

Na majawabu mawili hutokea. Katika nadharia nyingine ya visulisuli, ile ya Chern na Simons, e^u − 1 inazidishwa kwa e^u, na bakuli linapoteza umbo. Caffarelli na Yang walishughulikia visulisuli vinavyojirudia vya nadharia hiyo mwaka 1995: kigezo cha nadharia hiyo kikivuka kikomo fulani, hakuna jawabu. Mwaka uliofuata Tarantello alionyesha kuwa chini ya kikomo hicho yapo angalau mawili. La pili limekaa kama njia inayopita kati ya milima miwili, mahali ambapo programu ya kuteremka kutafuta nishati ndogo haisimami kamwe.