Umri wa Freddy si Umri wa Mwigizaji

Mwigizaji Robert Englund, aliyezaliwa mwaka 1947, amekwisha kusema wazi kwamba umri umempita kumwigiza tena Freddy Krueger, muuaji wa filamu za kutisha. Mwili umenenepa, shingo na mgongo vinamsumbua, na matukio ya kupigana hawezi tena kuyarudia mara kwa mara mbele ya kamera. Lakini alipozungumzia nani angefaa kumrithi, alimtaja mwigizaji mwenzake Kevin Bacon, ambaye amezaliwa mwaka 1958. Mzee anajitoa kwa sababu ya uzee, kisha anampendekeza mtu anayehesabiwa naye mzee. Wengi waliona hapo pana mgongano. Mimi naona Englund alikuwa anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi watazamaji tunavichanganya kila siku: mwili unaoweza kazi, na umri ambao hadithi inauhitaji.

Kwa asiyemfahamu, Freddy ni yule mwenye uso ulioungua, kofia, sweta la mistari myekundu na kijani, na glavu yenye visu vidoleni. Huwaua vijana wakiwa usingizini. Englund alimwigiza kwenye filamu nane, kuanzia A Nightmare on Elm Street ya mwaka 1984 hadi Freddy vs. Jason ya mwaka 2003. Hapa Tabora wapo wanaomjua kwa kofia na glavu tu, bila hata kulijua jina la mwigizaji, kwa sababu walimwona kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu. Wanapobishana kuhusu Freddy mpya, swali la umri halikosekani: awe kijana anayeweza kukimbiza watu, au awe mtu mzima?

Wanaosema umri ni muhimu wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza. Wao husema tu kwamba kijana hawezi kutisha, jambo ambalo si kweli. Hoja yao yenye nguvu iko ndani ya kisa chenyewe. Freddy alikuwa muuaji wa watoto aliyekamatwa, akaachiwa kwa kasoro ya hati ya upekuzi, na wazazi wa mtaa wakamchoma moto kwa mikono yao. Halafu wakanyamaza. Watoto wao wanakua bila kujua, na wanapofika umri wa kupenda na kutoroka nyumbani usiku, deni la wazazi linaanza kudaiwa kwao. Kwa hiyo Freddy ni rika la baba na mama. Ni mtu mzima ambaye mtoto alifundishwa kumheshimu au angalau kutobishana naye, na hofu yake inatoka kwenye pengo hilo. Mpe kijana wa miaka 25 glavu ile, umwache na uso wa rika moja na anaowaua, na siri ya wazazi inapwaya. Itabaki filamu ya kijana katili anayefukuza vijana wenzake, na hizo tunazo nyingi.

Umri huonekana pia pale hadithi inaporudi nyuma huku mwigizaji akisonga mbele. Anthony Hopkins alimwigiza Hannibal Lecter, daktari muuaji anayekula watu, mwaka 1991, kisha mwaka 2002 akarudi katika Red Dragon, kisa kinachotangulia kile cha kwanza. Alikuwa na miaka 64. Kilichomwokoa ni kwamba muda mwingi Lecter yuko ndani ya chumba cha gereza, anaongea. Kama angetakiwa kuruka ukuta, tungeuona kila mwaka uliopita.

Upande wa pili una historia ya kutosha. Wes Craven, aliyemuunda Freddy, alitarajia kupata mtu mrefu kuliko Englund, na uso wa Englund wakati ule bado ulikuwa na ubichi wa ujana. Alikuwa na miaka 37. Waigizaji wengine waliojaribiwa walikuwa wapole mno kwa watoto, na Craven akamchukua huyu kwa sababu alikuwa tayari kuingia gizani bila kusita. Mwili haukulingana na picha iliyokuwa kichwani mwa mwongozaji, na bado ndiye aliyekuja kuwa kipimo cha wote waliofuata. Mwaka 2010, filamu ya kwanza ilipotengenezwa upya, nafasi hiyo ilipewa Jackie Earle Haley, mwigizaji mzuri, mwenye miaka 48. Kwa umri wa kuanzia alikuwa mtu mzima zaidi ya Englund, na angefaa kabisa kuwa rika la wazazi. Filamu ile iliingiza fedha, wahakiki wakaiponda, na haikupata mwendelezo. Kwa maoni yangu tatizo halikuwa Haley. Filamu ilimnyima Freddy furaha yake mbaya, ule uchezaji wa paka na panya ambao Englund aliufanya kwa mabega na vidole hata kabla hajafungua mdomo.

Dracula ndiye anayewasumbua zaidi wanaotaka umri fulani maalumu. Bela Lugosi alikuwa na miaka 48 filamu yake ilipotoka mwaka 1931. Christopher Lee alimwigiza akiwa na miaka 35, katika filamu iliyotoka mwaka 1958. Vizazi viwili vya watazamaji viliapa kwamba Dracula wao ndiye hasa. Na katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 Dracula anaanza akiwa mzee wa masharubu meupe, kisha anapata ujana kadiri anavyokunywa damu, kwa hiyo hata kitabu hakikumpa umri mmoja. Bill Skarsgård naye alikuwa na miaka 26 tu alipoigiza Pennywise wa filamu ya mwaka 2017, nafasi ambayo Tim Curry aliichukua mwaka 1990 akiwa na miaka 44. Haikuharibu kitu, maana Pennywise si binadamu. Ni kitu cha kale kilichovaa sura ya mchekeshaji, hakina rika la kulilinda.

Kisha yupo Michael Myers, muuaji mwenye kinyago wa filamu za Halloween. Katika filamu ya mwaka 1978 ni kijana wa miaka 21. Filamu ya mwaka 2018 ikaamua kutomficha: miaka 40 imepita, na muuaji sasa ana miaka 61. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilichezwa na James Jude Courtney, ambaye mwenyewe amezaliwa mwaka 1957, mwaka uleule wa mhusika. Mzee wa miaka 61 nyuma ya kinyago, anatembea polepole, na watu walijaa kumwona. Anayesema uzee hauwezi kutisha aiangalie hiyo kwanza.

Kwetu kuna jambo jingine linalopunguza uzito wa miaka ya mwigizaji. Filamu nyingi za kigeni zimetufikia zikiwa zimetafsiriwa na msimulizi mmoja anayeongea juu ya picha, akimsemea stelingi, adui, mama na polisi kwa koo moja. Mtazamaji wa kibanda umiza hajawahi kumsikia Englund vizuri. Sauti inayomtisha ni ya Mtanzania, pengine kijana, aliyekaa mbele ya maikrofoni. Nusu ya adui imekwisha kubadilishiwa mwigizaji, na hakuna aliyelalamika.

Ningeweza kuishia hapo na kusema umri ni jambo dogo, mradi mhusika wa kibinadamu asitolewe kwenye rika lake. Lakini naandika nikiwa Tabora, na hapa uzee kwenye filamu ya kutisha una uzito ambao Hollywood hawaufikirii.

Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na hapa kwetu Tabora. Wengi wao ni wanawake. Macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi, ilhali mama aliyepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilopitisha moshi, atayapata wapi macho meupe? Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba au urithi, na mpiga ramli chonganishi aliyelipwa ili amtaje mtu. Bibi anakatwa mapanga ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa chukua adui maarufu wa filamu zetu wenyewe, bibi mchawi: kijana anapakwa mikunjo, nywele zinafanywa nyeupe, macho yanafanywa mekundu, mgongo unapinda. Hapo umri wa mwigizaji haujalishi hata kidogo, anaweza kuwa na miaka 20. Kinachojalisha ni kwamba kila alama iliyotumika kututisha ni alama ya uzee, na hakuna kingine. Freddy anatisha kwa alichofanya na kwa anachokifurahia. Michael Myers mwenye miaka 61 anatisha kwa sababu haachi kuja. Wote wawili ukiwaondolea miaka yao bado umebakiwa na uovu. Bibi wetu ukimwondolea mikunjo na macho mekundu, mara nyingi mwandishi hajampa kosa lolote la kueleweka.

Najua jibu la watayarishaji: hadithi za wachawi ni zetu, tumezirithi, na mtazamaji anazitaka. Ni kweli, na sitaki zizimwe. Mtu ana haki ya kutishwa na visa vya kwao kabla ya vya Springwood, mji wa Freddy. Nadai tu adui wa kwetu apewe tamaa, historia na tendo, kama Freddy alivyopewa.

Kwa hiyo Freddy mpya akiwa na miaka 45, sawa. Akiwa na 60, sawa pia, mradi mgongo wake unahimili na yupo wa kuanguka badala yake pale anapotakiwa kurushwa ukutani. Wa miaka 25 ningemkataa, kwa ajili ya wazazi wa kisa kile. Na atakayetaka kumrudisha bibi mchawi kwenye skrini za Tabora ampe nafasi mwigizaji wa umri wowote, lakini aanze kwa kuyaacha macho mekundu, kisha atuonyeshe bibi huyo amefanya nini.