Kuku wa Kumi na Nne

Ukitaka kumjua mfugaji wa kuku wa uani, msalimie. Habari za nyumbani atakujibu "nzuri" kwa mkato, halafu atavuta pumzi, na hapo ndipo habari zenyewe huanza: mtetea fulani kagoma kutaga, fulani kaanza kula mayai yake mwenyewe, pora fulani juzi tu alikuwa kifaranga na leo anataka kupigana na baba yake. Ugonjwa wa mume, mtoto aliyefeli hesabu, paa linalovuja, hayo hupenyezwa humo humo, kati ya pumba na chanjo ya mdondo. Sisi majirani tunaofuga tumezoeana hivyo. Mimba yangu ya pili niliitangaza siku niliyokwenda kuazima jogoo, na waliokuwepo hawakujua waanze na lipi.

Kwa hiyo yaliyonipata usiku ule msimtupie lawama Bibi jirani. Alifanya tunavyofanya sote.

Chanzo ni miguu ya Mama Mkwe. Huyo ni koo wangu mkubwa, mweusi, mnene, anaingia kila mahali bila hodi na hakuna kinachomridhisha, ndiyo maana ya jina. Magamba ya miguu yake yalikuwa yameanza kuinuka na kufanya ukoko mweupe. Ni utitiri wa miguu, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyochimba chini ya magamba na kuhamia humo na ukoo mzima. Dawa yake haina makuu. Unasugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unakausha, unapaka mafuta mazito mpaka wadudu wakose hewa, na baada ya siku chache unarudia. Kazi kubwa ni kumkamata mgonjwa. Mchana Mama Mkwe hakamatiki. Anakuruhusu ufike karibu kabisa, anakuangalia kwa jicho moja, halafu anakuacha umekumbatia hewa. Usiku ndio saa ya kumweza. Kuku gizani haoni vizuri. Akishapanda kichanjani na kuchutama, mishipa ya miguu inavuta vidole vinaushika mti vyenyewe, na wewe unakwenda kumchuma taratibu.

Basi jua lilipozama nikaingia bandani. Banda letu si la kuingia umesimama. Alilijenga baba watoto, na kipimo alichotumia kilikuwa kuku. Unaingia kwa magoti, ukishaingia unachutama, na komeo liko nje tu, kwani nani atataka kujifungia ndani na kuku? Nilijifunga kitambaa cheusi kichwani kuzuia vumbi la maranda, nikavaa sweta kuukuu la kahawia, mswaki wa zamani mkononi, tochi ndogo nikaing'ata kwa meno, nikachutama kwenye kona na Mama Mkwe mapajani, tumbo juu.

Kazi ilikwenda vizuri. Mswaki ukipita kutoka kidoleni kwenda juu, ukoko ulilegea ukadondoka vipande vyembamba, na chini yake ngozi ikawa nyekundu, imekasirika. Mgonjwa alikuwa ananguruma kwa chini bila kufumbua macho. Jogoo alipoanza kunung'unika kwa ajili ya mwanga nikaizima tochi, lakini niliendelea kuing'ata, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Kupaka mafuta hakuhitaji macho.

Hapo akaja baba watoto kuhesabu.

Tangu kicheche atutembelee na kutuachia manyoya matupu, baba watoto hahamii kitandani kabla ya kuwahesabu kuku. Haingii ndani. Anachungulia kwenye wavu, anamulika harakaharaka, anahesabu kwa sauti. Usiku huo kulikuwa na mpira, na redio alikuwa ameibana kwapani, mtangazaji anapiga kelele utadhani yeye ndiye anayekimbizwa uwanjani.

"...kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu... na huyu mnene wa konani, kumi na nne. Haya, wamo wote."

Mnene wa konani alikuwa mimi.

"Mmmmh!" nikasema, kwa sababu tochi ilikuwa mdomoni.

"Na nyinyi mlale salama," akajibu, akalisukuma komeo kwa mikono miwili, maana huwa linakwama. Lilipoingia nililisikia hadi kwenye mbavu.

Mpaka nimetema tochi na kumweka Mama Mkwe pembeni, mlango wa nyumba ulishafungwa na mtangazaji alikuwa anafukuzana na mpira sebuleni. Niliita. Jogoo akaitikia. Niliita tena, jogoo akawika kwa nguvu zaidi, akiniona nashindana naye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa mwilini inayomwambia wakati wa kuwika, hata akifungiwa mahali pasipobadilika mwanga. Huyu wangu saa yake iliingia maji zamani.

Simu ninayo, nikajisemea. Nikampigia baba watoto. Ikaita juu ya kichwa changu. Aliiweka juu ya bati wakati anahangaika na komeo, na sasa ilikuwa inaimba na kutetemesha banda zima, kuku wakaanza kushuka mmoja mmoja kuja kuniuliza kulikoni. Watoto walikuwa kwa shangazi yao. Chaji yangu ilikuwa imebaki ya kuhesabika. Nikampigia Bibi jirani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nilikuwa nakuwaza sasa hivi. Wako wanataga?"

"Wanataga Bibi, ila nina—"

"Basi shukuru. Wangu wamegoma."

Mkubwa akianza kusema humkatizi. Ndivyo nilivyolelewa, na hata katika kinyesi cha kuku malezi hayakutoki. Bibi akaniambia aliamka akakuta uwanja umejaa manyoya akajua kicheche kapita kwake, kumbe kuku wote wapo, wananyonyoka tu, wengine shingo imebaki uchi. Na mayai hakuna hata la dawa.

Sasa hapa ndipo ugonjwa wa wafugaji ulipo. Mtu amefungiwa bandani, chaji inaisha, kuku anamkanyaga bega, lakini akisikia kuku wa mwenzake wana tatizo hawezi kukaa kimya.

"Bibi, hao hawaumwi, wanabadilisha manyoya," nikasema. "Manyoya karibu yote ni protini. Mwili hauwezi kuotesha manyoya na kutaga kwa wakati mmoja. Punguza mahindi, waongezee vya protini, na usiwashikeshike, yale manyoya machanga yanauma yakiguswa."

"Enhe! Na mbona mmoja alitaga yai laini, halina ganda?"

"Huyo chokaa imempungukia. Saga maganda ya mayai makavu umwekee pembeni, atajipimia."

Nilikuwa nimenogewa. Bibi naye akanogewa. Tukapita kwenye goti lake linaloamka kabla yake kila asubuhi, tukapita kwa mjukuu ambaye hapigi simu mpaka awe na shida, tukafika kwenye chanjo ya mdondo. Hili nalo ni jambo zito: kichupa kimoja kinatosha kuku mia na zaidi, sisi kila mmoja ana kuku wachache tu, na chanjo ikishachanganywa hailali, itumike saa hizo hizo au imwagwe. Lazima tushirikiane, wote siku moja. Bibi alitaka kujua ni siku gani, na nani atabeba kichupa, na kama yule kijana anayefuga bata naye ahesabiwe au akatafute wafuga bata wenzake.

Huku kwangu mambo yalikuwa yanachacha. Mwanga wa simu ulimwonyesha mtetea mmoja hereni yangu, akaidonoa. Jirani yake akaona si haki, naye akadonoa sikio. Kuna Mnorwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu angali mtoto, na mwaka 1922 akachapisha maandishi yanayoeleza kwamba kundi la kuku lina ngazi: huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa chini yake, mpaka mnyonge wa mwisho asiye na wa kumdonoa. Nafasi hiyo ya mwisho kwetu ilikuwa na mwenyewe, kijitetea kimoja chenye shingo nyembamba. Usiku ule alinijia, akanitazama, akanidonoa dole gumba la mguu, akaondoka kifua mbele. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema. Mimi nilikosa hata kamba ya kujitetea nayo.

Simu ikalia ile sauti ya kuomba chaji. Nikajipa ujasiri.

"Bibi, samahani nakukatiza. Mimi niko bandani!"

"Hata mimi leo nilishinda bandani, mwanangu, we acha tu. Nilipotoka mgo—"

Ikazima. Jogoo akawika.

Kumbe huo uwiko ulimfikia Bibi, kwanza kwa njia ya simu halafu kwa njia ya dirisha, na simu ikakatika papo hapo. Yeye akajumlisha: jogoo anawika saa hizi, mwenye kuku kanyamaza ghafla, hao ni wezi. Haikupita muda nikasikia nyayo uani, nyingi, na miale ya tochi ikapita kwenye wavu. Wafugaji wote wa upande wetu walikuja na fimbo. Hata wa bata alikuja.

"Yumo! Namwona kitambaa! Toka nje, mwizi!"

"Nitatokaje na komeo liko kwenu?" nikasema.

Kimya. Wakatazamana.

"Mbona sauti ya mama mwenye nyumba?" akauliza wa bata, ambaye kwa kweli ndiye pekee aliyetumia akili usiku huo.

Baba watoto alitoka na redio yake kwapani. Akaelezwa. Akakataa. "Haiwezekani awe humo. Nimewahesabu kwa mkono wangu, wako kumi na nne, na kuku wangu ni kumi na nne." Akamulika, akaanza upya, safari hii kidole kikigusa wavu kwa kila kuku. Kumi na tatu. Akanimulika usoni. Akanitazama kwa muda, nadhani akitafuta namna nyingine ya kuhesabu.

"Basi kuna kuku amepotea!" akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo mtu alifungua komeo. Watu wote walitawanyika kumtafuta kuku. Fimbo zilizokuja kwa ajili ya mwizi zikaanza kupekua majani, mmoja akapanda juu ya tangi, mwingine anaita "kuru kuru kuru" nyuma ya choo. Nilipiga bati. "Tulia mama watoto," baba watoto akasema kutoka mbali, "tunamtafuta." Nikamchukua Mama Mkwe nikamalizia mguu wa pili, maana ulikuwa bado.

Aliyekosekana ni Kiherehere, mtetea mwekundu, na walimkuta kwenye karai la zamani nyuma ya stoo, kajibetua manyoya, anatoa ule mlio wa kuatamia. Chini yake mayai kumi. Ndipo nikaelewa kwa nini mayai yake siyaoni viotani: alikuwa anayaweka kwenye akiba ya siri. Kuku ana akili yake. Anataga kidogo kidogo bila kuyalalia, yakishamtosha ndipo anakaa, ili yote yaanze pamoja na vifaranga watoke pamoja baada ya siku 21. Ule ulikuwa usiku wake wa kwanza wa kulala nje.

Mjadala ukaanza. Aachwe kule? Kicheche atamla. Ahamishwe? Ahamishwe usiku huu huu, Bibi akaamua, kuku anayeatamia huhamishwa gizani, mchana atarudi kwenye karai lake. Na mayai je, yamekaa siku nyingi mno? Yai lisilolaliwa likikaa siku kadhaa mahali pa baridi bado linaangulika, mwingine akasema, akaungwa mkono, kisha wakahamia kwenye kama karai lisafishwe kwanza. Wakaelewana. Nikasikia komeo linavutwa, linakwama, linavutwa tena. Mlango ukafunguka. Nikatanguliza kichwa.

Nikakutana na Kiherehere. Mikono ya baba watoto ilimpitisha mlangoni ikaniwekea kifuani.

"Kwa kuwa uko humo humo," akasema, "mtengenezee kiota pale kwenye kona yako. Polepole. Nakuletea mayai."

Nikapokea mayai, mawili mawili, yana joto bado, nikayapanga kwenye maranda, nikamshusha Kiherehere juu yake. Akayavuta kwa mdomo yaingie chini, akajikung'uta, akakaa. Nje wakapumua wote kwa pamoja. Nikageuka kutoka.

"Usitoke kwanza, mwanangu!" Bibi akaninong'oneza. "Mwache atulie. Ukimtikisa sasa hivi atayasusa."

Akavuta ndoo, akaifudikiza mlangoni, akaikalia na goti lake akalinyoosha.

"Enhe," akasema, "simu ilikatika ukiwa unaniambia uko bandani. Ulikuwa unataka kusema nini?"