Akteri Akifa, Nani Atarudisha Falanga Zetu?

Jamani, mimi nimechoka. Unga umepanda bei tena, mfuko wa kilo 25 unausalimia tu ukipita dukani. Umeme unakuja usiku wa manane watu wamelala, unaondoka alfajiri kabla mtu hajachaji hata simu. Maji ndiyo usiseme. Lakini pita hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, jioni, kwenye kona yetu pale wanaume wanapokaa chini ya mwembe, usikilize wanagombania nini mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Si unga. Si umeme. Wanagombania Wakanda.

Nchi ambayo haipo, ni ya kwenye filamu ya Black Panther! Nenda Kasumbalesa, pale mpakani, uulize lori la kwenda Wakanda, uone watakavyokucheka. Mfalme wake alikufa, aliyemcheza mfalme alikufa kabla yake, na sasa wazee wazima wenye wajukuu wanataka kujua: ile filamu iendelee ao ifungwe?

(Na kuna jambo moja linaniuma kila nikiwasikia. Wale wa Wakanda wana madini ya ajabu, wakayaficha dunia isijue. Sisi tuna kobalti na shaba, malori yanapanga foleni mchana kweupe mpaka mpakani, na uraniumu ya Shinkolobwe ndiyo iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Sisi tulisahau kuficha. Tuendelee.)

Aliyeanzisha ubishi ni shemeki wangu. Kila nyumba ya Lubumbashi ina shemeki wa aina hii: alikuja kusalimia, akalala siku moja kwa sababu ya mvua, na mvua hiyo mpaka leo haijakatika. Kazi hana, lakini maoni anayo ya kuuza jumla na rejareja. Anakula bukari yangu na sombe yangu, anafuta mikono, anasema: "Shemeki, mimi naona wangetafuta mtu mwingine. Afrika yote hii watu wamejaa, wanakosa hata mmoja wa kuvaa lile vazi jeusi?"

Nikamwambia, kijana, huyo mtu unamjua? Chadwick Boseman, aliyemcheza mfalme, alikutwa na kansa ya utumbo mpana mwaka 2016. Mwaka huo huo ndio tulimwona mara ya kwanza na vazi la chui mweusi. Black Panther yenyewe ikatoka 2018, ikavuna zaidi ya dola bilioni 1 na milioni 300, na mtu huyo miaka yote hiyo anaruka, anapigana, anatupwa kwenye maporomoko, katikati anaingia hospitali, anapasuliwa, anapewa dawa kali, anarudi kazini. Na hakusema! Hata Ryan Coogler, aliyeiongoza filamu, hakujua. Tarehe 28 Agosti 2020 tukasikia amekufa, miaka 43. Mimi jino likiniuma upande mmoja, habari inafika mpaka Ruashi. Wewe shemeki juzi umekataa kuchota maji kwa sababu ya mafua. Halafu mtu kama yule unataka abadilishwe kama balbu?

Shemeki hakutikisika. "T'Challa, huyo mfalme wa Wakanda, ni mtu wa kwenye karatasi," akasema. "Karatasi haifi."

Majirani wakampigia makofi. Na siwezi kusema hana hoja hata kidogo, ingawa sitaki alijue hilo. Wenyewe kule Marekani waligawanyika hivyo hivyo. Desemba 2020, Kevin Feige, mkubwa wa Marvel, kampuni yenye filamu hiyo, alitangaza kwamba T'Challa hatachezwa na mtu mwingine. Kuna waliomshukuru, na kuna waliosaini maombi wakidai mfalme arudi na sura mpya: watoto weusi wamengoja miaka mingapi kupata mfalme kwenye sinema kubwa namna hiyo, halafu mmoja waliyempata naye mnamzika? Waingereza hilo walilimaliza tangu 1966. Kwenye igizo lao la televisheni la yule daktari anayesafiri katika wakati, mzee William Hartnell afya ilipomwishia, wakaandika kwamba daktari anageuka mwili mzima. Akaanguka Hartnell, akaamka Patrick Troughton. Mpaka leo wanageuka tu. Ukipata jirani wa namna hiyo hapa Katuba, asubuhi sura hii, jioni ile, hutamwandikia igizo. Utaita mchungaji.

Mke wangu alikuwa anasonga bukari, hata hakugeuka. "Kilio bado hakijaisha," akasema, "ninyi mnagawana nguo za marehemu."

Huyu mwanamke akisema, amesema. Maana ile filamu ya pili, ya Novemba 2022, kilichonikamata si vita vyake wala wale watu wa bluu wa chini ya maji. Ni kwamba walikaa kilio kweli kweli. Inaanza na dada mtu, Shuri, anahangaika na mashine zake kumwokoa kaka, na mashine zote hizo hazimsaidii. Halafu maziko: mji mzima umevaa nyeupe, jeneza linapita, watu wanaimba na kucheza kumsindikiza. Ile chapa ya kampuni inayopita mwanzoni, ambayo siku zote ina picha za mashujaa wao wote, safari hii ilikuwa Boseman mtupu. Kwa video ya mtaani kwetu, kile kibanda cha kuonyeshea filamu, pale ndani ya mabati, yule mama anayeuza karanga mlangoni aliweka beseni chini akalia. Jamaa wawili walitumia nafasi hiyo kujichotea karanga, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa, wakati naamini kwamba watu wa sinema wamejifunza heshima, mwishoni kabisa, watu wanatafuta kandambili zao chini ya mabenchi, Nakia, mpenzi wa mfalme, anamtoa mtoto. Ndiyo, Nakia, Lupita Nyong'o wa Wakenya. Mtoto amelelewa Haiti, anaitwa Toussaint, na jina lake lenyewe ni T'Challa, mwana wa mfalme T'Challa. Mtoto wa marehemu! Alifichwa! Video nzima ililipuka.

Na hakuna mtu wa Lubumbashi aliyeshangaa. Ni kilio gani hapa mjini kilichowahi kuisha bila mama mmoja kuingia siku ya mwisho, amefunga kitambaa vizuri, ameshika mkono mtoto mwenye paji la uso la marehemu? Mashangazi wanaangaliana. Wajomba wanaanza kuhesabu vyumba. Mke wangu alikuwa amekaa karibu nami siku hiyo. Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Pale hakuna dari, ni mabati. Akaendelea kuniangalia.

Basi msimamo wangu ni huu, na nimeusema chini ya mwembe mpaka sauti imekauka: lieni kwanza, halafu endeleeni. Nisichokubali ni kudanganywa macho. Peter Cushing, Mwingereza, alikufa 1994. Mwaka 2016, kwenye moja ya zile filamu za vita vya nyota, huyo hapo, anatembea, anatoa amri, kompyuta imemchora juu ya uso wa mtu mwingine. Marehemu anaongea baada ya miaka 22! Kwetu hilo halikatiwi tiketi, linafanyiwa maombi ya usiku kucha. Carrie Fisher, wa filamu hizo hizo, naye alikufa Desemba 2016 habari yake ikiwa haijaisha, na filamu ya 2019 wakaishona na vipande vyake vilivyobaki kwenye kazi ya nyuma. Hiyo naivumilia, maana ni yeye mwenyewe, hata kama unaona majibu yake hayaelekeani sana na maswali. Mimi na mwenye nyumba tunaongea hivyo hivyo kila mwisho wa mwezi.

Lakini Schwarzenegger? Mwaka 2009 alikuwa gavana wa California, kazi ya serikali, hana nafasi ya kwenda kucheza roboti wa Terminator. Wakachukua uso wake, wakaubandika kwenye mwili wa mwingine. Mtu hajafa, yuko ofisini anasaini makaratasi! Na Will Smith ndio wamemtendea vibaya kuliko wote. 1996, kwenye Independence Day, aliikomboa dunia nzima kwa viumbe wa anga. 2016 wanatoa ya pili, yeye hayumo, wakasema ati rubani yule alikufa akijaribu ndege, wakatundika picha yake Ikulu. Dunia nzima umeiokoa, malipo yako fremu! Waajiri ni wale wale kila mahali. Mimi hata fremu sitapata, watasema misumari imeisha.

Waliofanya vizuri ni wale wa magari, Fast & Furious. Paul Walker alipokufa 2013, filamu ikiwa katikati, wadogo zake wawili, Caleb na Cody, ndio waliosimama mahali pake mpaka kazi ikaisha. Hapo hata wazee wa kijijini wangekubali, ndugu kachukua nafasi ya ndugu. Mtaniambia hiyo si filamu ya sayansi. Mwaka 2021 walipeleka gari mpaka nje ya anga, gari, na matairi yake, kwa hiyo mimi naihesabu.

Na kama mnataka mfano wa kuendelea bila akteri, Hollywood mnaitafutia nini? Nendeni Kamalondo. Mwaka 2010, kwenye Mazembe, klabu yetu ya mpira tunayoiita Kunguru, Trésor Mputu ndiye alikuwa Mazembe, na Mazembe ndiyo ilikuwa Mputu. FIFA ikamfungia mwaka mzima kwa ugomvi na mwamuzi kule Kigali. Mji huu ulinuna. Watu walisema tusiende Abu Dhabi kwenye kombe la dunia la klabu, tutaaibika mbele ya dunia. Kunguru wakaenda. Pachuca ya Meksiko wakaifunga 1. Internacional ya Brazili wakaifunga 2, na Kidiaba, golikipa mzima na nywele zake, akazunguka uwanja anarukaruka kwa matako mbele ya Waarabu. Klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia. Na sikilizeni vizuri: hakuna aliyevaa sura ya Mputu. Kabangu alifunga kama Kabangu, Kaluyituka alifunga kama Kaluyituka. Shuri naye vile vile. Alivaa vazi la chui, lakini hakujifanya kaka yake. Akalivaa kwa hasira zake mwenyewe.

Pale chini ya mwembe hata mzee fundi cherehani, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu, alitikisa kichwa akasema "njo vile." Shemeki wangu, ambaye pamoja na makosa yake mengine ni mtu wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini, akajibu: "Lakini fainali Inter ya Italia waliwapiga tatu."

Sasa unaona ninachoishi nacho.

Hayo yote yangekwisha kwa amani, kama si Jumamosi iliyopita. Mnajua filamu zetu zinakuja na sauti ya yule jamaa wa Tanzania anayezitafsiri. Jamaa mmoja, anaongea mfalme, anaongea malkia, anaongea Shuri, anaongea wale samaki, mlipuko ukitokea naye anaulipua kwa mdomo. Sisi hatuna akteri, tuna yeye. Basi mwenye video akaleta diski mpya, akawasha grupu la umeme nje, akakusanya falanga 500 kwa kila kichwa, akaweka. Filamu ikaanza. Sauti ikatoka. Ilikuwa sauti nyingine. Kijana tu, anakohoa katikati, anamwita malkia "dada."

Hamjaona fujo. "Huyu hapana ye!" Mabenchi yakapinduka. Mtu akazima grupu kwa hasira, tukabaki kwenye giza kila mmoja anadai falanga zake, na wengine wanadai ambazo hawakutoa. Na wa kwanza kusimama, wa kwanza kabisa, aliyepanda juu ya benchi anapiga kelele kwamba huu ni wizi, kwamba bila mwenyewe filamu isitishwe mpaka apatikane, alikuwa shemeki.

Nikamvuta shati. "Shemeki, si watafute tu mtu mwingine? Afrika yote hii watu wamejaa."

"Sauti ni kitu kingine," akasema, akaendelea kupiga kelele.

Mwenye video ni mfanyabiashara, hakurudisha hata mia. Alituliza watu kwa kutangaza kwamba ya tatu inakuja, na ndani yumo Denzel Washington. Hapo hakudanganya sana: Denzel mwenyewe alisema mwaka 2024 kwamba Coogler anamwandikia nafasi. Watu wakanyamaza. Denzel! Wakaanza kuokota mabenchi, na mzee fundi cherehani akauliza kama Denzel atakuwa mjomba wa yule mtoto ama ndiye aliyekuja kudai vyumba. Mwenye video akatoa daftari, akasema kwa ajili ya Denzel bei itakuwa falanga 1,000, na anaandika majina na kupokea avansi kuanzia sasa.

Nikamwuliza filamu yenyewe kama imeshapigwa.

"Papa Mapasa," akaniambia, kalamu iko hewani, "wewe lipa kwanza. Waamerika watatukuta tayari."