Rokeya Hossain: Kalamu Kali, Uso Uliofunikwa

Rokeya Sakhawat Hossain, mwandishi Mwislamu wa Bengal, katika India iliyotawaliwa na Waingereza, aliyefariki mwaka 1932, hulaumiwa hadi leo kwamba alipinga utawa wa wanawake, yaani desturi ya kuwaficha ndani mbali na macho ya wanaume, kwa maandishi makali, ilhali mwenyewe alivaa buibui na kuendesha shule yake ya Kolkata nyuma ya mapazia. Lawama hiyo ina msingi. Makala yake ya mwaka 1904, iliyodai kwamba wanaume wametumia vitabu vya dini kuwatiisha wanawake, ilipoingizwa kitabuni iliondolewa aya zilizochoma zaidi. Hata katika hadithi yake Ndoto ya Sultana ya mwaka 1905, ambamo wanaume ndio wanaofungiwa ndani huku wanawake wakivuna joto la jua, ujasiri wote umewekwa usingizini, mahali usipoweza kumgharimu mtu.

Hata hivyo, anayetaka kumhukumu na akisome kwanza kisa cha basi katika Abarodhbasini, mkusanyiko wake wa visa 47 vya wanawake waliotawishwa. Basi la shule lilikuwa limezibwa pande zote, likaachiwa upenyo mdogo tu wa hewa, na wasichana wakawa wanatapika na kuzirai humo gizani. Wazazi wakalalamika. Shule ilipolegeza kwa kutundika mapazia, zikaja barua za hasira: upepo unayapeperusha, watoto wanaonekana, na jambo hili litapelekwa magazetini! Yaani mtoto akizirai kosa ni la shule, na akipata hewa kosa ni la shule vilevile. Shule hiyo ilifunguliwa Kolkata mwaka 1911 ikiwa na wanafunzi wanane, na kila mmoja wao angeweza kuondolewa kwa neno moja la baba yake. Mwalimu mkuu mwenye uso wazi angefundisha madawati matupu, na wanaomtaka awe jasiri zaidi hawasemi wasichana wale wangesomea wapi.

Lawama ya pili, kwamba aliwaandikia mabibi wa nyumba kubwa tu, inagusa kweli Abarodhbasini, ambamo watumishi wa kike huonekana zaidi kama walinzi wa sitara ya mabibi zao. Lakini haigusi makala yake kuhusu dhiki ya mkulima, anayelima mpunga na kulala njaa, ambaye mkewe aliacha kusokota hariri ya nyumbani baada ya nguo za bei nafuu kutoka nje kujaa sokoni. Kinachoweza kuhojiwa humo ni mgawanyo wa lawama, kwa kuwa mkulima anakemewa kwa anasa zake karibu sawa na biashara ya wakoloni inavyokemewa. Shule ya Rokeya ilipokea ruzuku ya serikali hiyohiyo ya kikoloni, na sioni ajabu kwamba aliipiga kwa upande wa kalamu badala ya ncha.