Digrii ya PR (uhusiano wa umma) ni nzuri, ila Kiswahili kimesahaulika darasani

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na vyuo vikafungua maombi, meseji zinaanza kuingia. Kaka mimi nimesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) nina divisheni ya pili, nichague PR au niende sheria? Mwingine ni mzazi kabisa, anataka kujua mwanae akisoma hiyo kitu atapata kazi au ndo atamaliza chuo arudi kukaa nyumbani. Nimekuwa najibu mmoja mmoja, leo nimeona niandike kwa kirefu sehemu moja maana hili jambo nalipenda sana na kuna upande wake unaniuma.

Jibu langu la kwanza ni soma. Ni digrii nzuri, na wanaosema PR ni kozi ya watu waliokosa pa kwenda hawajawahi kukaa ndani ya taasisi siku mambo yameharibika, simu zinaita, waandishi wako getini, wateja wanawaka kwenye komenti na bosi anauliza tunasemaje. Siku hiyo ndo utajua kama yule afisa uhusiano alisoma au alikuwa anapita tu. Jibu la pili ndo refu. Hapa Tanzania hii kozi inafundishwa kwa Kiingereza toka siku ya kwanza mpaka ripoti ya mwisho, alafu mtu anatoka pale anaenda kuajiriwa aongee na watu wa Tandale, Sengerema na Nachingwea. Miaka mitatu umejifunza kuongea na umma kwa lugha ambayo umma wenyewe hautumii nyumbani, sokoni wala kwenye daladala. Mimi naona hilo ndo tatizo namba moja la hii digrii na nashangaa hatulisemi.

Turudi nyuma kidogo. Kazi hii kwa sura yake ya kisasa tumeipata Marekani. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakutana na Ivy Lee, yule ambaye mwaka 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilipopata ajali huko Atlantic City alishauri kampuni itoe taarifa yenyewe kwa magazeti badala ya kuficha. Anakutana na Edward Bernays, aliyeanza kufundisha somo hili chuo kikuu cha New York mwaka 1923. Sawa, ni vizuri kuwajua. Kwetu hapa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 redio ilikuwa RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam ya serikali, magazeti makubwa yalikuwa ya serikali na chama, mashirika ya umma hayakuwa na mshindani kwahiyo hakuna aliyehangaika sana mteja anamuonaje. Magazeti binafsi yakaja, ITV ikaanza 1994, mashirika yakabinafsishwa, kampuni za simu zikaingia na kugombania wateja, hapo ndo kila ofisi ikataka mtu wa kuisemea. Vyuo navyo vikaitikia. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi Mwanza, ambayo ilianza kama chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960 na kuwa chuo kikuu 1998, ina shahada ya uhusiano wa umma na masoko, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kwenye shule yake ya uandishi wa habari wana uhusiano wa umma na matangazo, na vyuo vingine vinayo kwa majina tofauti tofauti.

Sasa ndani ya darasa kuna nini? Nadharia za mawasiliano, uandishi, utafiti, masoko, maadili, sheria za habari, kupanga kampeni, kushughulika na dharura. Ni mambo mazuri. Ule mgawanyo wa wasomi wa Marekani Grunig na Hunt wa mwaka 1984 wenye aina nne za PR mimi mpaka leo nautumia, kwa sababu unakuonyesha taasisi inayopiga kelele tu kutafuta sifa, inayotoa taarifa bila kusikiliza, inayosikiliza ili ipate namna ya kukushawishi, na ile inayosikiliza na yenyewe ikakubali kubadilika. Ukiuelewa vizuri ukaingia ofisini unajua ndani ya wiki moja uko kwenye taasisi ya aina gani.

Shida inaanza kwenye mifano. Ukimuuliza mhitimu akupe mfano wa taasisi iliyokabili dharura vizuri atakwambia Tylenol, ile dawa ya maumivu, Chicago 1982, watu 7 walikufa baada ya mtu kutia sumu kwenye vidonge, wenye dawa, Johnson & Johnson, wakaiondoa sokoni nchi nzima wakaja na chupa zenye lakiri. Anaijua kama sala. Muulize sasa kuhusu ile ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43. Siku ile nchi nzima tulikuwa tunaangalia mkia wa ndege juu ya maji kwenye simu zetu, wavuvi ndo waliofika mwanzo, na idadi zilizotangazwa asubuhi zikabadilika mpaka ikajulikana waliofariki ni 19. Hapo kuna masomo ya semista nzima! Unaongea nini wakati hujui idadi kamili, unampa nani taarifa kwanza kati ya familia na waandishi, namba ya simu ya ndugu kupiga unaitoa saa ngapi, nani anaongea kati ya kampuni, uwanja wa ndege na ofisi ya mkoa, na wote wakiongea kila mtu na idadi yake nini kinatokea kwa mama aliyekaa Dar ana mtoto kwenye ile ndege. Na hayo yote yalitakiwa yasemwe kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kumwambia mtu mwenye wasiwasi wa kufiwa, sio cha kikao.

Au twende nyuma zaidi. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa mstari wa mbele, vipindi vinarushwa redioni, wanavijiji wanakaa kwenye vikundi vidogo wanasikiliza pamoja, kuna kijitabu, kuna kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, wakimaliza wanajadiliana alafu wanaamua wenyewe wafanye nini, wakatoka hapo wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi. Walioshiriki walifika kama milioni 2. Milioni 2, mwaka 1973, bila intaneti, redio zenyewe za kuchangia! Watafiti wa mawasiliano huko nje wameiandika sana. Lakini kijana wa PR wa hapahapa anamaliza chuo hajaisikia. Mimi nikiambiwa nitaje kampeni moja tu ya kufundishia wanafunzi wetu nitaichukua hiyo kabla ya nyingine yoyote, maana ina vitu vyote, utafiti, ujumbe mfupi, njia sahihi, kusikiliza, matokeo unayoweza kuyahesabu kwa vyoo. Na iliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo na watu waliokuwa wanafikiri kwa Kiswahili.

Ngoja nionyeshe ninachosema. Chukua kitu kidogo kabisa, tangazo la kukatika maji. Tangazo ninalolitunga hapa linafanana na mengi uliyowahi kusoma: "Tunapenda kuutaarifu umma kuwa kutokana na hitilafu iliyojitokeza katika miundombinu ya usambazaji kumepelekea kukosekana kwa huduma katika baadhi ya maeneo. Mafundi wetu wanaendelea na jitihada za kurejesha huduma. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Soma tena. Maeneo gani? Mpaka saa ngapi? Nini kimeharibika? Mama lishe anayetaka kujua kama ajaze ndoo leo usiku hajapata chochote. Alafu hiyo "kutokana na" ikifuatwa na "kumepelekea" sentensi haina hata mtenda, na huo usumbufu umeshajitokeza toka asubuhi wewe unasema utakaojitokeza. Aliyeandika hivyo sio mjinga, mara nyingi ni mtu ana GPA nzuri tu. Amefundishwa kuandika taarifa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili hakufundishwa na mtu, kwahiyo anaiga barua za ofisini alizozikuta kwenye faili.

Sasa iandike upya, tuseme unaiandika siku moja kabla ya maji kukatwa: "Mtaa wa Uzuri na Mtaa wa Mnazini haitakuwa na maji kesho kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Bomba kubwa limepasuka na tunalibadilisha. Tafadhali chota maji ya kutosha leo. Kazi ikichelewa tutawatangazia kesho saa 10 jioni." Hiyo ni kazi ya dakika kumi ukiwa umezoea, na ukiwa hujazoea unaweza kukaa nayo siku nzima. Kuzoea kunakuja kwa kuandika na kusahihishwa, na mtu wa kukusahihisha alitakiwa awe mwalimu wako wa chuo. Na angalia kitu kingine, ile ya pili haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hajaenda kumuuliza fundi. Ukiandika kwa lugha iliyo wazi unalazimika kujua ukweli kwanza, ile lugha nzito inakuruhusu uandike bila kujua lolote. Ndo maana nasema hili sio suala la sarufi tu, ni uti wa mgongo wa kazi yenyewe.

Kuna watu watasema Kiingereza ndo kinaleta ajira, makampuni makubwa, mashirika ya kimataifa, ripoti kwa wafadhili. Ni kweli, sibishi, Kiingereza kisome na ukijue vizuri sana. Ila mimi nimekaa na vijana wa fildi, wanaokuja ofisini kwa mafunzo ya vitendo, miaka na miaka na nakwambia kijana anayeandika Kiswahili safi kinachoeleweka ndo adimu. Wa Kiingereza cha wastani wapo tele. Ukija kwangu na vyote viwili nitakupigania ubaki.

Na hapo kwenye fildi napo paangaliwe. Vijana wanakuja Julai mpaka Septemba, wengi wanaishia kukata magazeti, kukaa mapokezi na kushika kamera kwenye vikao vya bosi, wanajaza kitabu chao wanasainiwa wanarudi chuo. Ofisi zetu zina lawama hapa kuliko wanafunzi. Kuna nafasi moja nzuri sana inapotea kila mwaka, maonesho ya biashara ya Sabasaba pale Dar. Fildi inaangukia kipindi hichohicho, taasisi zinajenga mabanda pale barabara ya Kilwa, na kijana wa PR anapangiwa kugawa vipeperushi na kupiga picha mgeni rasmi akifika. Mpe daftari! Aandike kila swali watu wanalouliza, kila malalamiko, kwa maneno yaleyale waliyosema, usiku akae ayapange aone lipi limejirudia, asubuhi ampelekee bosi. Huo ndo utafiti, ndo kule kusikiliza alikokusoma kwenye Grunig, na hapo atagundua kwamba watu wanaiita huduma yako kwa jina ambalo kwenye vipeperushi vyako halipo kabisa. Nanenane, maonesho ya wakulima, ni hivyohivyo kwa walioko Dodoma, Mbeya, Morogoro na kwingine.

Kwa mzazi anayeuliza kazi, sitakudanganya. Nafasi za serikalini zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, utaziona kwa majina ya Afisa Habari au Afisa Uhusiano, ni chache na waombaji ni wengi, alafu mwanao anagombania na waliosoma uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Benki, simu, bima, hospitali, vyuo, mashirika ya kiraia nao wanachukua. Kinachomtofautisha ni kazi zake anazoweza kuzionyesha. Kwahiyo asisubiri kumaliza. Kuanzia mwaka wa kwanza aende kwenye zahanati ya mtaa, saccos ya mama, timu ya mpira ya kata, awaombe awaandikie matangazo yao, akusanye. Na asome sheria zetu mapema, Sheria ya Huduma za Habari na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa zote za 2016, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hiyo ya mwisho hasa, maana siku hizi unaona ofisi inaposti picha ya mgonjwa au mtoto wa shule na jina lake kamili kwenye Instagram, na aliyeposti ni mtu wa mawasiliano aliyetakiwa awe wa kwanza kusema hapana.

Walimu wangu na walimu wenzangu mlioko vyuoni nawaomba kitu kimoja ambacho hakihitaji kubadilisha mtaala wote wala kusubiri kibali cha mtu. Kwenye kila somo la uandishi nusu ya asainmenti ziwe za Kiswahili, na ziwe za kweli, tangazo la kipindupindu, taarifa ya ajali, barua ya kuomba radhi kwa wateja, maelezo ya redio ya sekunde 30. Na kabla ya kutoa maksi, mwanafunzi aende nayo mtaani asomee watu watano wasiomjua, awaulize wameelewa nini na watafanya nini baada ya hapo, majibu yao ayabandike nyuma ya kazi, na maksi zitolewe kwa kuangalia kurasa zote mbili.