Televisheni ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu mzima mwenye staha. Nimeshazoea kuamshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na ule wa utajiri wa siku saba huufuta hata kabla sijanawa uso. Lakini jana alfajiri aliyeniamsha ni mama mkwe, naye hafutiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeshinda televisheni ya inchi 55. Nitumie shilingi 8,500 za kuisafirisha, zimebaki dakika tisa."

Nikafungua kiungo alichonitumia. Palikuwa na nembo ya duka kubwa linalojulikana, masanduku ya kuchagua, watu wanaoshukuru kwa kupokea zawadi zao, na saa inayohesabu kurudi nyuma, ambayo kila nilipoufungua ukurasa upya ilianza tena dakika kumi kamili bila aibu. Nikagusa sanduku la kwanza, nikakosa. Nikagusa la pili, nikashinda televisheni ileile.

Sasa, mama mkwe haambiwi kwamba anatapeliwa. Huambiwa kwamba mitandao siku hizi ina mambo mengi. Nilikuwa bado kwenye utangulizi huo aliponikatiza: "Lakini pale juu kuna kufuli. Si wewe uliyenifundisha siku ya Krismasi kwamba nikiliona nisiwe na wasiwasi?"

Ni kweli nilimfundisha, tena mbele ya wageni, nikiwa na paja la kuku mkononi. Ikabidi nikane elimu yangu mwenyewe, nikaeleza kwamba kufuli lile huzuia tu watu wa njiani wasidokoe mnayoandikiana na tovuti, wala halisemi mwenye tovuti ni mtu wa namna gani, na kulipata ni bure.

"Kwa hiyo hata mwizi ana kufuli?"

"Huanza nalo, mama."

Nikamwomba asome anwani. Jina la duka lilikuwamo, ila limekaa mwanzoni, ambako yeyote huandika apendalo. Mwenye mali hutazamwa mwishoni, kabla tu ya mkwaju (/) unaofuata jina zima. Nikamwambia ni kama daladala: ubavuni limeandikwa jina la nabii, lakini hesabu ya jioni hupelekwa kwa mwenye gari. Akajibu kwamba mwenye daladala la kwao ni mlokole kweli.

Nikamwambia basi aiingize namba ya malipo mpaka jina litokee, asithibitishe. Likatokea jina la mtu binafsi.

"Huyu atakuwa mhasibu wao," akasema.

Mhasibu! Jamani, nimesajili laini yangu kwa alama za vidole kama mtuhumiwa, halafu mhasibu wa duka zima apokee nauli ya televisheni kwenye simu yake ya mfukoni? Nikapaza sauti, jambo ambalo mkwe halifanyi: "Mama, hakuna televisheni!"

Kimya. Kisha akaniambia taratibu kwamba kiungo alikwisha kuwatumia watu ishirini, kama masharti yalivyotaka, akiwamo paroko.

Namba ile nimeituma kwenda 15040, kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inavyotuelekeza. Mke wangu hanisemeshi. Anachojua ni kwamba mama yake alishinda televisheni nami nikaona uchungu wa shilingi 8,500. Na asubuhi hii baba mdogo ameandika kwenye kundi la familia kwamba amepata jokofu la milango miwili, anauliza nani ana futikamba apime kama litapita mlangoni.